Asubuhi ya Idd tumekula slesi, na swala tumeiwahi



Leo tuna neno, na tunajua wengine mtaliona dogo. Ni kuhusu chano cha asubuhi ya Idd. Sisi tunasema slesi mbili zilizochomwa, parachichi lililopondwa na yai juu yake ni chakula cha sikukuu kamili, na mwanamke akiandaa hivyo hajaipunguzia heshima nyumba yake wala siku yenyewe. Bi Mkubwa wetu alipolisikia hili mara ya kwanza alisema, "Sikukuu bila kitumbua? Hiyo ni sikukuu ya msafiri." Kwa hiyo msione haya kutupinga, mama yetu mwenyewe ameshawatangulia.

Sisi ni watatu, ndugu wawili na wifi yetu. Tulimaliza kidato cha nne, tukasoma cherehani, na huu ni mwaka wa tisa tunashona katika chumba cha mbele cha nyumba ya wazee, Magomeni, hapa mjini Unguja. Tuna vyerehani vitatu na ovaloki moja. Kwa mwaka mzima kazi inakwenda kwa mwendo wake, sare za skuli mwezi huu, magauni ya harusi mwezi ule, lakini Ramadhani ndiyo inayotulisha. Kanzu za watoto, madera, mabaibui, vijora vya kufananisha dada na mdogo wake, vyote vinataka kuvaliwa siku moja, asubuhi moja, saa moja.

Mwenye cherehani anajua usiku wa kuamkia Idd ulivyo. Mnakaa mnasubiri tangazo la mwezi. Mwezi ukiandama siku ya ishirini na tisa, kazi mliyoipangia siku mbili inageuka kuwa ya usiku mmoja. Hapo ndipo anapokuja mteja na kitambaa bado kiko kwenye mfuko wa duka. "Pindo tu, shoga, dakika tano." Hakuna pindo la dakika tano usiku wa sikukuu, lakini mtoto amesimama pale anakutazama, utamwambiaje?

Na wakati huo huo jikoni kuna mchele wa vitumbua umerowekwa tangu mchana unangoja kusagwa na tui. Kuna manda za sambusa hazijakunjwa. Kuna tambi, kuna mandazi, kuna mkate wa kumimina. Miaka yote tulikuwa tunafanya zamu: wawili kwenye vyerehani, mmoja jikoni, halafu tunabadilishana. Saa tisa usiku sote watatu tulikuwa tunanuka mafuta na mashine.

Mwaka juzi wifi yetu alitoka kwenye ovaloki akaenda moja kwa moja kukaanga sambusa. Hakuwa amelala usiku wa pili ule. Alisinzia akiwa amesimama, kijiko kikateleza, mafuta yakamrukia kifundo cha mkono wa kulia na sehemu ya kiganja. Alhamdulillahi halikuwa jeraha la kulazwa, lakini alikaa wiki tatu hawezi kushika mkasi. Kwa mshonaji, mkono wa kulia ndio duka lenyewe. Oda za harusi za baada ya Idd tulizirudisha, na mteja mmoja mpaka leo hajarudi kwetu.

Pamoja na hayo, lililotuchoma zaidi lilikuja asubuhi yake. Watoto walishaoga, wamevaa, wanangoja baba zao. Binti yetu wa miaka sita akatutazama sote watatu, na madera ya jana, unga kwenye nywele, akauliza, "Nyinyi hamuendi kuswali? Mbona hamjavaa?" Tukamwambia tunakwenda kuandaa chai. Akasema, "Kila mwaka chai." Hakusema kwa ubaya, alikuwa anahesabu tu kama watoto wanavyohesabu. Na alikuwa kweli. Tulikaa tukakumbuka, tukaona Idd nne mfululizo hatujaihudhuria swala. Mtaa mzima umekwenda kuswali na nguo tulizozishona sisi, na sisi tumebaki na masufuria.

Dada zetu, Hadithi ya Ummu Atiyya (r.a.) mnaijua, imo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) aliamrisha wanawake watolewe siku za Idd mbili, wasichana na wanaokaa ndani, hata walio katika hedhi watoke washuhudie kheri na dua ya Waislamu, ila wajitenge na pahala pa kuswalia. Akaulizwa kuhusu mwanamke asiye na jilbabu, jibu likawa mwenzake amvishe katika jilbabu zake. Hatuna elimu ya kutoa hukumu, hilo tunawaachia wanavyuoni, na tunajua si kila msikiti una nafasi ya wanawake. Lakini sisi washonaji tukiisoma Hadithi ile tunaona kama tumetajwa. Hata kukosa nguo hakukufanywa sababu ya kubaki nyumbani. Sisi tulikuwa na nguo, chumba kizima cha nguo, tukabaki kwa ajili ya sambusa.

Halafu tazameni chakula chenyewe ambacho Sunna imetuwekea. Idd el Fitri, kabla ya kutoka, ni tende, kwa hesabu ya witri: tatu, tano, saba. Idd el Hajj ndiyo kabisa, hakuna kula mpaka urudi kwenye swala, ili uanze na mnyama wako uliyemchinja ukijaaliwa. Nani basi alituambia kwamba kabla ya jua kupanda pawe na vitu sita vya kukaanga juu ya chano? Ni sisi wenyewe tuliojiambia, na siku hizi simu zimeongeza. Picha ya chano inapigwa kabla mtu hajala, na mwenye vitu vinne anajiona fukara kwa mwenye vitu tisa.

Sasa slesi na parachichi tumeitoa wapi? Tusiwafiche. Kuna hoteli moja ya pwani ya mashariki tuliwashonea wafanyakazi wao sare. Siku ya kupeleka mzigo tukaona meza ya wageni, kila sahani ina mkate mmoja umepakwa kitu cha kijani na yai juu. Tukaangalia bei kwenye karatasi, tukatazamana, tukatoka nje kwenda kucheka. Parachichi! Hili ambalo bibi yetu alikuwa akiliita embe mafuta na kutupondea na sukari na maziwa tukirudi chuoni. Lakini tulipomaliza kucheka, wifi alisema jambo moja tu: "Kile wamekitengeneza kwa dakika kumi."

Wapo wanaosema hicho ni chakula cha wazungu, na kukiweka mezani siku ya Idd ni kuiga. Hoja hii haitushtui. Parachichi asili yake Amerika ya Kati, kweli, lakini muhogo pia umetoka upande huo huo wa dunia, na pilipili kali pia, na hakuna anayekataa muhogo wa nazi kwa sababu hiyo. Karafuu yenyewe, tunayojivunia mpaka ikatupa jina, asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia. Kitu kinakuwa chako ukikipanda, ukakipika, ukawalisha wanao. Na yai na mkate, jamani, nani kati yetu hakuenda skuli na boflo lililotiwa yai?

Tuwaeleze tunavyofanya sisi. Watu wetu ni kumi na wawili tukihesabu na watoto, kwa hiyo tunanunua boflo kubwa mbili za slesi, mayai kumi na tano na parachichi tano za wastani. Parachichi ndiyo kazi yenyewe, mengine yote ni mepesi. Nyingi zinazofika Darajani na Mwanakwerekwe zinatoka bara na zinafika ngumu kama jiwe la kusagia. Usinunue siku ya mwisho ukitaraji kula kesho. Sisi tunanunua siku nne kabla, tunazifunga kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu mbili, tunaziweka kwenye pipa la mchele. Ndizi inatoa hewa inayoliivisha tunda lililo karibu yake. Kila siku unafungua, unabonyeza taratibu karibu na kikonyo, si ubavuni, ubavuni unalitia alama nyeusi. Likianza kukubali kidole, litoe litie kwenye friji, litakusubiri siku mbili. Na kwa kuwa mwezi nao hautabiriki, hiyo friji ndiyo amani yenu: ikiwa Idd ni kesho sawa, ikiwa ni kesho kutwa sawa.

Mkate wa jana ni bora kuliko wa leo. Mkate wa leo una maji, ukiuchoma unakuwa laini katikati na ukitiwa parachichi unalowa. Hatuna mashine ya tosti na hatuihitaji, tunatumia chuma cha chapati, moto mdogo, bila mafuta, tunageuza mara mbili. Anayependa anapitisha samli kidogo kwa kisu mwishoni. Usichome mapema ukafunika kwa kawa, mvuke utaurudisha ulaini. Mkate unachomwa watu wakiwa wameshakaa.

Mayai tunayajaribu usiku ndani ya bakuli la maji. Linalolala chini ni zima, linaloelea tunalitupa. Asubuhi tukirudi kwenye swala maji yanachemka wakati watu wanapeana mikono na watoto wanadai mkono wa Idd. Tunayatumbukiza kwa kijiko, dakika saba kwa anayependa kiini laini, kumi kwa watoto na kwa mjamzito, halafu moja kwa moja kwenye maji ya baridi. Yakipoa kidogo ganda linatoka bila kuling'ang'ania. Mnaweza kuyakaanga pia, lakini sisi na mafuta ya moto asubuhi ya Idd tumeachana.

Parachichi linapondwa kwa uma, lisiwe uji, liwe na madonge madonge. Tia ndimu mara tu unapolifungua, maana likikaa wazi linakuwa jeusi, na ndimu inalichelewesha. Chumvi, pilipili manga iliyotwangwa wakati ule ule, kitunguu maji kidogo sana kilichokatwa vidogo. Pilipili mbuzi tunaiweka pembeni, kila mtu na roho yake. Unapaka kwa unene wa kidole, unapanga yai lililokatwa mapande manne, na hapo ndipo sikukuu inapoingia: punje za komamanga, kotmiri, na tungule ndogo zilizokatwa katikati. Nyekundu, kijani, nyeupe na manjano kwenye sahani moja. Kwa watoto tunakata mkate kwa ukingo wa glasi, mara mbili kwa kusogeza, unapata mwezi mwandamo. Mabaki ya mkate hatutupi, washonaji hatutupi vipande, yanakaushwa na kusagwa yawe chenga za katlesi.

Kuanzia kuingia ndani mpaka chano kuwekwa mkekani ni dakika ishirini, na chai ya maziwa na iliki imo ndani ya hizo ishirini kwa sababu imechemshwa alfajiri na kutiwa kwenye chupa.

Fedha nayo tuiseme, kwa sababu sisi ni wafanyabiashara na daftari letu halioni haya. Idd ya mwaka juzi, chano cha asubuhi peke yake, na mafuta, nyama ya kusaga, nazi, unga, sukari na gesi, kilitugharimu shilingi 70,000 na kidogo. Mwaka jana slesi, mayai, parachichi na vikorombwezo vyake havikufika 25,000. Tofauti ile hatukuibakiza yote. Sehemu moja tuliongeza kwenye mkono wa Idd wa watoto wa marehemu dada wa jirani, na nyingine, tutakwambieni ilikwenda wapi.

Bi Mkubwa. Kumwambia mzazi wa miaka sabini na mbili kwamba vitumbua vyake havitakuwepo si jambo la kulitangaza kwa ujumbe wa simu. Tulikwenda sote watatu, tukakaa chini, wifi akamwonesha mkono wake ulivyo. Kovu lipo mpaka leo, limevutika kidogo karibu na dole gumba. Bi Mkubwa alilitazama kwa muda. Halafu akasema maneno ambayo hatukuyatarajia: kwamba naye, tangu aolewe mpaka alipozeeka, swala ya Idd kaihudhuria mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa na mtoto mgonjwa amempeleka hospitali, akapitia pale njiani. Miaka yote mingine alikuwa jikoni. "Sikulalamika," akasema, "lakini na nyinyi msilazimike kurithi kila kitu." Mara moja akaongeza, asije akaonekana ameshindwa, kwamba sikukuu ya pili lazima ale kitumbua.

Kwa hiyo na hilo tumelipatia njia. Idd kwetu Zanzibar ni siku nne, kwani lazima kila kitu kiliwe ya kwanza kabla ya saa tatu? Vitumbua tumevihamishia sikukuu ya pili, na hatuvipiki sisi. Mtaani kuna mama anapika vitumbua vya kuuza mwaka mzima, vikaango vyake viwili, mkono wake mwepesi kuliko wetu sote. Ile sehemu ya pili ya fedha imekwenda kwake. Mwanzo wifi aliona aibu, kana kwamba watu watasema nyumba ya wanawake watatu inanunua vitumbua. Tukamuuliza, na wao wanaotuletea vitambaa, hawana sindano majumbani mwao? Kila mtu ana kazi ya mkono wake, na riziki inazunguka hivyo.

Hatumlaumu anayepika. Wapo dada ambao kukaanga usiku wa Idd ndiyo raha yao, wanaimba, wanacheka, wamelala mchana, wana wasaidizi. Nyumba hizo zikituletea sahani tunakula na kuomba nyingine. Tunasema na yule ambaye hana nguvu, anafanya kwa kuogopa macho ya watu, na asubuhi ananuna mbele ya watoto wake kwa uchovu. Na tunasema na waume pia, wakiwa wanasoma: mayai ya mwaka jana aliyachemsha kaka yetu. Alisimama na saa mkononi kama refa. Mawili yalipasuka, basi.

Kuna jambo moja lazima tulikiri. Idd inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo itafika miaka ambayo siku yenyewe haitakutana na msimu mzuri wa parachichi. Zitakuwa chache, ghali, na nyingine zina nyuzi ndani. Hapo msijitese kulitafuta kwa bei ya dhahabu, halafu na hilo likawa mzigo mwingine. Pondeni maharage yaliyochemshwa na kitunguu thomu na ndimu, yapakeni vile vile, yai juu, komamanga juu. Tumejaribu siku ya kawaida na watoto hawakubakisha.

Swala yenyewe? Tuliwahi. Tulifika jua limeshapanda, tukapata nafasi nyuma kabisa, karibu na ukuta. Mmoja wetu alikuwa na udhuru, akakaa pembeni na watoto wadogo akisikiliza takbiri na hotuba, na hotuba zote mbili tulizisikia mpaka mwisho. Binti yetu alikuwa katikati yetu, anageuka kila mara kuangalia nguo za watu na kutunong'oneza, "Ile mmeshona nyinyi. Na ile. Na ile." Tulimwambia anyamaze, lakini tulikuwa tunaziangalia na sisi.

Mwaka huu tumebandika karatasi mlangoni mapema: vitambaa vya Idd mwisho siku ya ishirini ya Ramadhani, pindo mwisho siku ya ishirini na saba. Wateja wawili wameshanuna. Oda ya vitumbua tumeshampa jirani, arubaini, vya sikukuu ya pili asubuhi, na nusu ya fedha ameshaichukua.